Stadi ndefu za ARP kwa rimu za dragi: zinastahili bei yake, ila pima kwanza

Nianze na jibu, kwa wale ambao rimu mpya ziko tayari sakafuni na mikono inawasha: zinunueni. Katika vitu vyote nilivyoweka kwenye Mustang yangu tangu niinunue, hakuna kilichonipa utulivu wa moyo kama stadi hizi, yaani zile boliti zinazopita kwenye matundu ya rimu na kufungwa nati, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko karibu kila kitu kingine. Ila kuzifunga si kazi ya nusu saa, na kuna maeneo mawili matatu ambapo mtu anaweza kupoteza fedha au kupoteza gurudumu. Hayo ndiyo yaliyonifanya niandike.

Gari langu ni Ford Mustang GT ya 2013, injini ya lita 5.0 yenye nguvu za farasi 420 na toki (nguvu ya kuzungusha) ya paundi-futi 390, giabox ya mkono, difu ya uwiano wa 3.73. Mimi mtu wa Tanga, sasa mkazi wa Garland hapa Texas. Jioni za kujaribu magari kwa dragi, yaani mbio fupi za mstari ulionyooka, nashuka Ennis, kusini mwa Dallas, kwenye Texas Motorplex, ule uwanja alioujenga Billy Meyer mwaka 1986 na kuumwagia zege robo maili nzima. Zege lile likishapuliziwa gundi na kupigwa jua, ukivuka njia kwa miguu viatu vinataka kubaki nyuma. Tairi nalo linashika vivyo hivyo. Nguvu ambayo barabarani ingeishia kwenye tairi kuzunguka bure na kutoa moshi, hapa inapita yote kwenye rimu, na rimu inashikwa na stadi tano tu kila upande.

Piga hesabu uone. Gia ya kwanza ya giabox yangu ni 3.66, difu ni 3.73. Zidisha hizo kwa paundi-futi 390, utapata zaidi ya paundi-futi 5,000 zinazofika kwenye ekseli, kabla ya kutoa kinachopotea njiani. Gawanya kwa magurudumu mawili, bado ni mzigo mkubwa, na unakuja kwa mshtuko mmoja pale unapoachia klachi.

Wengi hudhani stadi ndiyo inayoisukuma rimu izunguke. Sivyo, au tuseme isiwe hivyo. Nati inapokazwa, stadi inavutika kidogo sana, na katika kutaka kurudi kwenye urefu wake, kama mpira wa manati uliovutwa, inaibana rimu kwenye diski na diski kwenye flanji, lile bamba la mviringo mwishoni mwa ekseli. Msuguano wa mbano huo ndio unaopeleka nguvu. Mbano ukilegea, rimu inaanza kucheza, matundu yake yanaigonga stadi kwa ubavu kila unapoondoka kwenye mstari, na chuma kinachogongwa kwa ubavu mara kwa mara kinachoka na kukatika. Kwa hiyo suala zima la stadi ndefu ni nati kupata uzi wa kutosha wa kung'ata ili mbano uwepo na udumu. Hazimfanyi mtu kuwa na kasi zaidi. Muda wangu wa futi 60 za mwanzo ulishuka kwa sababu ya tairi, na sitazipa stadi sifa isiyo yake.

Rimu nilizofunga nyuma ni Weld RT-S, inchi 15 kwa upana wa inchi 10, na tairi za Mickey Thompson ET Street 275/60R15. Weld ni kampuni ya Kansas City aliyoianzisha Greg Weld mwaka 1967, mtu aliyekuwa dereva wa magari ya sprinti mwenyewe, na kazi yao ya alumini iliyofuliwa ni nzuri sana. Lakini sehemu ya rimu inayokaa kwenye habu ni nene kuliko ya rimu ya kiwandani. Unene huo unakula urefu wa stadi, na kinachobaki kwa ajili ya nati ni kidogo.

Kidogo kiasi gani? Hapa ndipo ninapomwomba kila mtu afanye kipimo kabla ya kutoa hata dola moja. Vua rimu ya zamani, weka mpya, hakikisha imelala sawasawa kwenye diski. Chukua nati utakazotumia kweli, ifunge moja kwa vidole mpaka iguse kiti chake, kisha ifungue huku ukihesabu mizunguko mpaka iachie. Mustang za umri huu zina stadi ya nusu inchi yenye meno 20 kwa kila inchi. Kanuni ya NHRA, chama kinachosimamia mbio hizi Marekani, haiangalii stadi ina urefu gani. Inaangalia uzi ulioshikana na nati, na inataka usipungue kipenyo cha stadi yenyewe. Kwa nusu inchi yenye meno 20, hiyo ni mizunguko 10 kamili. Kwa stadi za kiwandani mimi nilipata sita na kitu. Mizunguko sita inakaza, spana inalia, kila kitu kinaonekana sawa. Ukaguzi hupiti, na haifai upite.

Wenye magari ya Kijapani, kipimo ni kilekile ila namba zinabadilika. Toyota nyingi zina stadi za milimita 12 kwa hatua ya 1.5 (umbali wa jino hadi jino), kwa hiyo mizunguko minane inatosha. Subaru na Nissan nyingi zina 12 kwa 1.25, hesabu 10 tu, kwani tisa na nusu ni pungufu kidogo. Gari lenye stadi za milimita 14 kwa 1.5, kama Mustang za kuanzia 2015, chukua 10 pia. Mtu aliyeko Nairobi na Impreza yake au Dar na Mark X anaweza kupima leo jioni bila kununua chochote, hasa kama amefunga speisa, kile kipande kinachowekwa kati ya rimu na diski ili gurudumu litokeze. Speisa ya milimita 15 kwenye stadi ya kiwandani inaiba mizunguko 10 ya uzi wa 1.5. Wengi wetu tuliokulia kule tumewahi kuona gari zuri limefungwa speisa nene ili tairi zitokeze, na stadi hata haifiki nje ya nati. Ile si mapambo ya kuchezea.

Sasa bidhaa yenyewe. ARP ni kampuni ya California, ilianzishwa na Gary Holzapfel mwaka 1968, na kazi yao ni boliti, stadi na nati za injini na magari ya mbio. Stadi hizi zinafuliwa kwa chuma cha kromoli cha 8740 kisha kupitishwa kwenye moto wa kukipa ugumu. Uzi wake ni safi mno. Nati inaingia kwa kidole kimoja na kwenda mpaka mwisho bila kukwama popote. Kitu kidogo kilichonifurahisha kuliko nilivyotarajia ni ncha yake: milimita kadhaa za mwanzo hazina uzi, ni pua iliyochongoka kidogo. Nati inakaa kwenye pua kwanza, inanyooka yenyewe, ndipo inapata uzi. Ukiwa unabadilisha magurudumu uwanjani, giza limeingia, mgongo unauma na wenzako wako kwenye foleni, pua hiyo inakuepusha na kuanza nati upande. Lakini zingatia: urefu wa pua si uzi. Ukiagiza kwa kuangalia urefu wa jumla tu, toa sehemu hiyo kwenye hesabu.

Kipimo kingine ambacho wauzaji wengi hukiandika kwa herufi ndogo ni shingo. Karibu na kichwa cha stadi kuna sehemu yenye meno ya kulala, ndiyo inayojibana ndani ya tundu la flanji ili stadi isizunguke unapokaza. Kipenyo cha shingo hiyo kinatofautiana kati ya gari na gari hata kama uzi ni uleule. Ikiwa nyembamba kwa unywele, stadi itazunguka siku utakapotaka kufungua nati, na utajuta. Ikiwa nene mno, unaweza kupasua flanji au kuishia na stadi iliyokaa upande. Toa stadi moja ya zamani, ipime kwa vernia, pima na tundu, kisha agiza. Mwenye duka nililonunulia aliniuliza vipimo hivyo kabla hajachukua kadi yangu, na nilimpenda kwa hilo. Duka jingine nililopiga simu kabla yake liliniambia "zote za Ford zinaingia". Si kweli, na nilikata simu.

Kufunga. Nina kaka mmoja wa Mombasa, jirani, amekula chumvi nyingi kwenye gereji za malori kabla ya kuhamia huku, na kazi hii tuliifanya pamoja kwenye gereji yake. Nilikuwa nimeshika nyundo. Akaniambia, "Mdogo wangu, nyundo iweke mbali. Ukiipiga stadi, pigo haliishii kwenye stadi, laenda mpaka kwenye beringi." Ni kweli, na kwa habu za mbele, ambazo beringi yake ni ya kuzibwa, ni kweli zaidi. Zile utazitoa kwa kifaa cha kubana, au uvue habu nzima na kuipeleka kwenye presi, ile mashine ya kusukumia kwa shinikizo.

Nyuma kuna shida ya nafasi. Stadi ya kiwandani inatoka bila matata: unavua kalipa na mabano yake, unatoa diski, unazungusha ekseli mpaka stadi ielekee penye uwazi, inarudi nyuma na kutoka. Stadi ndefu haiingii kwa njia hiyo. Kati ya flanji na bati la kuzuia vumbi hakuna nafasi ya urefu wake. Wapo wanaokata bati, wapo wanaolikunja. Sisi tuliamua kuvua ekseli, na ningefanya hivyo tena. Difu ya Mustang hii ni ile ya inchi 8.8, ekseli zake zimeshikwa na klipu za umbo la C ndani ya difu. Unamwaga oili, unafungua kifuniko, unatoa boliti ya pini na pini yenyewe, unasukuma ekseli ndani kidogo, klipu inadondoka mkononi, ekseli inavutwa nje taratibu ili isichane sili. Ni kazi, sikatai. Faida yake ni kwamba unabadilisha oili ya difu, unaangalia beringi, unaweka sili mpya, na muhimu zaidi, unaweza kuiweka flanji juu ya presi, ukaweka kipande cha bomba chini kuizunguka stadi, na kuisukuma moja kwa moja, imenyooka, mpaka kichwa kikae chapa kwenye flanji.

Asiye na presi anaweza kuivuta stadi kwa nati. Weka washa kadhaa nene zilizopakwa grisi, tumia nati ya chuma ambayo hutaitumia tena kwenye gari, vuta polepole kwa spana ya mkono. Usitumie mashine ya upepo. Mashine inatwanga uzi na kuupasha moto, na uzi wa nati iliyotumika kuvutia umeshavutika, ndiyo maana nasema ikatupwe. Ukimaliza, angalia kila kichwa kwa tochi upande wa nyuma. Kikiwa na mwanga chini yake hata kidogo, hakijakaa. Stadi isiyokaa itakaa yenyewe siku ya mbio, na itakapokaa, mbano wote uliouweka utakuwa umepotea.

Nati nazo ni nusu ya habari. Nati za kofia, zilizozibwa mwisho, hazifai kabisa kwa stadi ndefu. Stadi inagonga dari ya kofia kabla nati haijaibana rimu. Spana ya toki inabofya, wewe unaamini umekaza, kumbe umeikaza stadi kwenye kofia na rimu iko huru. Nunua nati zilizo wazi pande zote, zenye kiti kinacholingana na rimu yako: RT-S zangu zinataka koni ya digrii 60, rimu nyingine za dragi zinataka nati zenye shingo ndefu na washa bapa. Mkaguzi anapenda nati ya wazi kwa sababu anaona kwa macho stadi imetokeza.

Hili nalisema kwa msisitizo kwa wenye Subaru na Nissan wanaoagiza nati za Marekani kwa bei nafuu. Nati ya nusu inchi yenye meno 20 inaingia kwenye stadi ya milimita 12 kwa 1.25. Inaingia vizuri mno! Hatua ya meno inakaribiana kabisa, 1.27 dhidi ya 1.25, na nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo nati ni pana kidogo, inashika ncha za meno tu. Itazunguka, itafika, hata itaonekana kukaza. Kisha meno yale membamba yatakatika yote kwa pamoja. Ukiona nati mpya inacheza kushoto na kulia kwenye stadi kabla haijakazwa, itoe, isome kifungashio.

Kukaza: spana ya toki, soketi ndefu ya kina kwa sababu stadi inatokeza, kwa umbo la nyota, kwa hatua tatu. Kiasi cha toki kichukue kwa mtengenezaji wa rimu na wa stadi. Namba ya mtandaoni isiyo na mwenyewe iache. Usipake grisi kwenye uzi kama maelekezo hayajasema, kwani toki ileile kwenye uzi wenye grisi inavuta stadi zaidi ya ilivyokusudiwa. Rimu mpya ya alumini hujikalia katika kilomita za kwanza, kwa hiyo rudia kukaza baada ya safari fupi, kisha kila unapofika uwanjani kabla ya kukimbia. Zangu zilisogea kidogo mara ya kwanza nilipozirudia, baada ya hapo hazijasogea tena. Stadi zimebaki zimenyooka, uzi haujaumia licha ya magurudumu kufunguliwa na kufungwa msimu mzima, na hakuna hata moja iliyozunguka kwenye flanji.

Nisichokipenda ni hiki. Siku za kazi narudisha rimu za kiwandani, na hapo nati zake za kofia hazina kazi tena kwa sababu ileile ya stadi kugonga dari. Ilinibidi ninunue seti nyingine ya nati za wazi kwa rimu zile, na stadi zinatokeza nje bila kifuniko, mvua na vumbi vinazipata. Nazipiga brashi ya waya na kuzifuta mara kwa mara. Pia ukipeleka gari duka la tairi, simama hapohapo. Kijana wa duka moja nililopeleka alitaka kukaza kwa mashine ya upepo na soketi fupi, soketi ikawa inaishia kwenye ncha ya stadi badala ya kuishika nati vizuri. Sasa nazipeleka rimu peke yake, gari linabaki nyumbani juu ya stendi.

Bei: nilinunua kwa pakiti za stadi tano tano, kama dola 60 kila pakiti, bila kodi. Zipo za bei ya chini ya nusu ya hiyo zisizo na jina wala maelezo ya chuma. Sizipendekezi, si kwa sababu ya jina, bali kwa sababu muuzaji hakuweza kuniambia zimetengenezwa kwa chuma gani wala kipenyo cha shingo. Kampuni nyingine, Moroso, nayo inauza stadi ndefu zenye sifa nzuri miongoni mwa watu wa Ennis, ingawa mimi sijazifunga. Vile vipande vinavyoskrubuliwa juu ya stadi ya zamani kuirefusha, achana navyo kabisa: stadi fupi bado ndiyo inayobeba kila kitu, na sasa umeongeza kiungo kingine cha kulegea. Na kama gari lako lina nguvu mara mbili ya langu, nusu inchi haikutoshi. Wenye magari ya namna hiyo wanahamia kwenye ekseli zenye stadi za kuskrubu zenye kipenyo cha inchi 5/8.

Kwa anayeagiza wiki hii, weka vyote kwenye kikapu kimoja ili gari lisikae juu ya stendi likisubiri posta: stadi, nati za wazi kwa rimu za dragi, nati za wazi kwa rimu za kiwandani, sili mbili za ekseli, gasketi au silikoni ya kifuniko cha difu, na oili ya difu pamoja na kiongezeo chake kama difu yako ina klachi ndani yake. Soketi ndefu ya kina kama huna. Mbele fanya kwa siku nyingine, kwa sababu habu zile zinataka presi na nati mpya ya katikati, na ukiharakisha zote kwa Jumamosi moja utaishia kuchukua nyundo.